Mswala wa mti au uso wa mkoba? Ukichagua zulia kongwe la Kibulushi

Fedha zikitosha kitu kimoja tu, anayetafuta zulia lake la kwanza kongwe la Kibulushi huishia kushika vitu viwili. Mkono wa kulia ana mswala: uwanja wa rangi ya ngamia, mti umesimama wima katikati, matawi yamepinda kwa pembe kama ngazi. Mkono wa kushoto ana kipande kinachokaribia mraba, hakifiki sentimita 75 kila upande, chenye ndege wadogo waliojipanga safu kwa safu juu ya buluu nzito inayokaribia weusi. Muuzaji atasema cha kwanza ni zulia, cha pili, kilichokatwa kwenye mkoba wa kubebeshwa mnyama, ni uso wa mkoba tu. Hilo neno "tu" ndilo ninalotaka kulipinga. Nimekaa Maskati miaka mingi, nimefunua marundo ya mazulia pamoja na jamaa waliokuja kutoka Unguja na Mombasa wakitaka kurudi na kimoja, na mara nyingi nimemwona mtu akiondoka na mswala wa wastani, nyuma yake ameacha mkoba bora zaidi kwa bei pungufu.

Kabla ya kulinganisha, jina kwanza, maana sisi wa pwani linatupoteza kuliko watu wengine. Tukisikia Mbulushi tunawaona watu tunaowajua: askari wa masultani katika Ngome ya Yesu, jamaa wa Makadara pale Mombasa, walinzi waliotoka Unguja na wasafiri Waingereza Burton na Speke mwaka 1857, majirani zetu hapa Matrah, Maskati. Wengi wa hao asili yao ni Makrani, pwani ile ya Iran na Pakistan yenye bandari ya Gwadar iliyokuwa chini ya Oman mpaka 1958. Basi mtu akiona zulia linaitwa la Kibulushi hudhani limetoka huko. Mazulia haya ya mafundo yalifumwa kaskazini, mbali na bahari: Khorasan ya Iran, pande za Mashhad, Nishapur na Torbat-e Heydarieh, Sistan, na magharibi ya Afghanistan, kutoka Herat kushuka hadi Farah. Makrani na upande wa Pakistan kazi kubwa ilikuwa vifumo bapa, visivyo na mafundo, na mikoba na mapambo ya wanyama yaliyoshonewa kauri, kauri zile zile za Bahari ya Hindi ambazo watoto wetu huokota ufukweni. Vifumo hivyo ni vizuri mno, lakini ni habari nyingine.

Tena huko Khorasan na Herat si kila mfumaji alikuwa Mbulushi. Sokoni jina hilo ni kapu kubwa: ndani yake wamo Watimuri, Wabahluli, Wataimani, Waarabu wa Ferdows, hata kazi fulani za Wakurdi ambao Shah Abbas, mfalme wa Iran, aliwahamishia Khorasan karne nne zilizopita. Muuzaji akikutajia ukoo kwa uhakika mkubwa, msikilize kwa adabu, ila usiulipie. Uzi, rangi na mafundo vipo mbele ya macho yako. Ukoo upo mdomoni mwake.

Mswala

Mihrabu ya Kibulushi haina ncha wala tao. Ni kichwa cha mraba kilichokaa juu ya mabega mapana, na mfumaji ameacha nafasi mbili kandokando ya kichwa hicho. Katika miswala mingine nafasi hizo zina viganja viwili vilivyokunjuliwa, mahali ambapo anayesujudu ataweka mikono. Vipimo vyake ni kama sentimita 80 hadi 100 kwa 130 hadi 160. Juu na chini zulia humalizikia kwa kipande kilichofumwa bapa, chenye mistari na vinakshi vyembamba, na kwenye mazulia ya zamani kipande hicho chaweza kuwa kirefu cha kushangaza. Wanunuzi wasiojua hukiona kama mabaki. Ukikikuta kizima, mshukuru Mungu, maana ndicho kinachotangulia kufumuka.

Kwa nini mti ni wa pembe tupu? Fundo moja ni kijisanduku. Zulia la kawaida la Kibulushi lina mafundo kama laki moja hadi laki mbili katika mita moja ya mraba, na kwa wingi huo duara haliwezi kuwa duara, huwa ngazi. Mafundi wa mijini, kama wa Isfahan, walikuwa na mafundo mengi zaidi na mchoro kwenye karatasi. Mwanamke wa Kibulushi alihesabu kichwani: fundo tano mbele, mbili juu, rudi, geuza. Kitanda chake cha kufumia kililala chini juu ya ardhi, nguzo mbili na vigingi vinne, na watu walipohama kilikunjwa pamoja na kazi iliyokuwa juu yake. Wakifika malisho mapya kinapigiliwa tena, mtande, yaani zile nyuzi za urefu, unavutwa kwa nguvu isiyolingana na ya jana. Ndiyo maana zulia linapinda, upande mmoja mpana kuliko wa pili. Mimi zulia lililonyooka kama rula hunitia wasiwasi.

Uwanja wa rangi ya ngamia ndio unaowavuta watu kwenye mswala. Kuna haki: ni rangi iliyotulia, na mti mweusi na mwekundu unaonekana vizuri juu yake. Wauzaji watasema ni manyoya ya ngamia. Mara nyingi ni sufu ya kondoo, ya kahawia ya kuzaliwa nayo au iliyotiwa rangi, na haipungukiwi kitu kwa hilo. Usilipie ngamia asiyekuwepo.

Ila mswala una matatizo mawili. Umekanyagwa, hiyo ndiyo kazi yake. Magoti, vidole vya miguu na paji la uso huacha mabaka, na zulia la miaka 120 lililosaliwa kweli laweza kubaki mtande mtupu mahali pale pale unapopaswa kuona nakshi. Pili, mswala ndio unaopendwa na wanunuzi wa kila nchi, na kinachopendwa ndicho kinachoigwa. Hata yale mabaka ya magoti yanaweza kutengenezwa.

Nilimsaidia jamaa yangu kuchagua mmoja, na ninaukumbuka kwa uchungu. Uwanja ulikuwa wa ngamia, mti mzuri, mikono miwili juu, mzee wa duka mpole. Duka lilijaa watu, tukaona haya kulowesha leso na kusugua. Alipofika kwao aliufua kwa maji baridi tu, na rangi ya chungwa iliyokuwa kwenye pambizo ikatoka, ikaingia kwenye sufu nyeupe, ikaingia kwenye ngamia. Mti ukasimama kwenye tope la waridi. Hakunilaumu, lakini tangu siku hiyo sioni haya tena kutoa leso mbele ya mtu yeyote.

Uso wa mkoba

Khorjin ni mkoba wa kubebeshwa mnyama, mifuko miwili iliyounganishwa, mmoja huku na mmoja kule mgongoni. Nyuso mbili zilifumwa kwa mafundo, mgongo wa mkoba ukafumwa bapa kwa mistari. Upo pia balisht, mrefu na mwembamba, ambao ulitiwa nguo au matandiko na kuegemewa kama mto hemani. Huo hufika sentimita 80 hadi 100 kwa urefu na kama nusu yake kwa upana. Wafanyabiashara waliikata mikoba ya khorjin na kuuza nyuso moja moja, kwa hiyo unachokiona dukani kwa kawaida ni nusu ya kitu.

Hata hivyo nusu hiyo haikukanyagwa. Uso wa mkoba uliandaliwa kuonekana, ubavuni mwa ngamia siku ya safari au ukutani mwa hema, na mfumaji alimimina ndani yake sufu yake nzuri kuliko zote. Shika uso wa mkoba mzuri wa Khorasan, ugeuze geuze kwenye mwanga: sufu inang'aa kama mafuta, upande mmoja buluu inafunguka, upande wa pili inafunga karibu iwe nyeusi. Kuna mikoba iliyotiwa hata vifundo vichache vya hariri, vya rangi kali, katikati ya ua au kifuani mwa ndege. Hilo ni jambo ambalo kwenye miswala nimeliona mara chache sana.

Ndege wenyewe ni somo. Mwili ni msambamba au pembetatu, mkia umesimama kama kitana, jicho ni fundo moja jeupe. Wamepangwa ndani ya pembesita au kwenye safu za mshazari, na mfumaji hubadili rangi kwa mpangilio unaougundua ukitazama muda mrefu: mstari wa wekundu, mstari wa buluu, halafu mmoja aliyeingia kwa hiari yake. Mikoba mingine haina ndege. Ina nyota zenye kulabu, au maua manne yaliyofungwa kwenye kamba za mraba, au gul, nakshi za pembe zinazorudiwa rudiwa, walizoziazima kwa jirani zao Waturukmeni. Yote ni ile hesabu ya ngazi niliyoieleza, ila hapa imebanwa kwenye uwanja mdogo, na mfumaji hawezi kujificha. Kosa moja la hesabu kwenye uso wa mkoba linaonekana kutoka mlangoni.

Hila yake nayo ipo. Zulia kubwa likioza, vipande vyake vizima hukatwa, vikashonwa pembeni, vikauzwa kama nyuso za mikoba. Tazama pambizo. Ikiwa inazunguka pande zote nne na kona zimekamilika, vema. Ikiwa ua limekatwa nusu ukingoni, hicho ni kiraka cha zulia. Tazama pia mishipi ya pembeni: mara nyingi Wabulushi waliizungushia singa za mbuzi, nyeusi, ngumu kiganjani. Singa zikiwa zimeondolewa na uzi laini wa pamba umewekwa mahali pake, uliza kwa nini.

Nikiviweka ubavu kwa ubavu

Kwa rangi, mkoba unashinda, na ushindi wake unatokana na sufu. Nyekundu nzuri ya Kibulushi ni ile tunayoiita damu ya mzee: inatoka kwenye mizizi ya mmea uitwao runasi, iliyoshikizwa kwa shabu. Buluu ni nili. Kahawia inayokaribia weusi ilipatikana kwa kutumia chuma, na chuma kwa miaka mingi hula sufu. Ndiyo maana kwenye zulia kongwe sehemu nyeusi zimezama na nakshi nyingine zimesimama juu yake kama zimechongwa. Pitisha kidole utahisi. Weupe ni kidogo sana, matone tu, na matone hayo ndiyo yanayoliamsha zulia zima. Katika mswala wa ngamia, kahawia iliyoliwa huwa mistari ya mti, kwa hiyo mti hupoteza umbo. Katika mkoba huwa mipaka ya ndege, na ndege hunyanyuka.

Kwa nakshi naona sare. Mti mmoja mkubwa una utulivu ambao ndege mia hawana. Mtu anayetaka kitu cha kutazama akiwa amechoka jioni, mti utamfaa zaidi.

Kwa umri, yote mawili yanayofika sokoni kama makongwe ni ya nusu ya pili ya karne ya 19 na miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Rangi za viwandani zilivumbuliwa 1856 na katika miongo iliyofuata zikafika hata hemani, hivyo zulia la 1900 laweza kuwa na nili safi na zambarau ya kiwandani bega kwa bega. Fungua mafundo kwa vidole mpaka shinani. Zambarau au waridi ikiwa kali chini na kijivu juu, hiyo ni ya kiwandani iliyoungua na jua. Nili na runasi nazo hulegea kidogo juu, lakini hubaki rangi ile ile. Usichanganye hilo na abrashi, ile mikanda ambapo buluu inabadilika ghafla kutoka nzito kwenda nyepesi. Hiyo ni ishara kwamba uzi wa chungu kimoja uliisha na wa chungu kingine ukaanza, na mimi huipenda.

Mazulia machache yana mwaka wa Hijria uliofumwa. Usome kwa tahadhari. Mwaka 1300 ni 1882 na 1883. Ukimwona mtu ana zulia la 1200, yaani 1785 na 1786, pindua utazame nyuma ya ile tarakimu ya ٢: kuondoa jino moja la ٣ ni kazi ya mafundo machache, na tayari umeongeza karne.

Kwa bei, mswala huwa juu mkilinganisha hali sawa kwa sawa, isipokuwa mikoba ya daraja la juu kabisa ambayo wakusanyaji huigombania. Maana yake kwa anayeanza: fedha inayokupatia mswala uliochoka inakupatia mkoba mzima wenye sufu inayong'aa.

Khorasan au Herat?

Ukishaamua umbo, linabaki swali la upande. Kazi za Khorasan kwa jumla zina buluu iliyo hai zaidi, ngamia, na weupe mwingi kidogo. Kazi za upande wa Herat na Badghis ni nzito, kahawia-nyekundu na buluu ya giza. Wamushwani, ukoo wa huko, wana nakshi yao ninayoihusudu, misambamba iliyoingizwa ndani ya misambamba yenye kulabu, moja ndani ya nyingine kama mwangwi. Kwenye chumba chenye mwanga hafifu haisomeki kabisa, kwenye jua inawaka. Kutoka pande hizo hizo hutoka miswala midogo iitwayo Dokhtar-e Qazi, yaani Binti Kadhi, ya mafundo membamba sana, uwanja umejaa vijimea vilivyosimama safu. Ikiwa umeshikilia mswala lazima, Binti Kadhi mmoja mwenye afya ndiye ningemchagua mbele ya miti mitatu ya ngamia.

Kwa nyumba za pwani zenye kuta nyeupe na madirisha makubwa, Herat hufaa. Kwa chumba cha ndani chenye taa, chukua Khorasan.

Mtande wa Kibulushi wa zamani ni wa sufu. Zulia la Khorasan lenye mtande wa pamba nyeupe kwa kawaida ni la baadaye, lililofumwa kwa ajili ya soko. Vuta uzi mmoja wa tamvua, uchome: sufu hunuka nywele, pamba hunuka karatasi. Na mazulia yenye vifaru na helikopta, ambayo wafumaji wa Kibulushi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyafuma baada ya majeshi ya Urusi ya Kisovyeti kuingia Afghanistan mwishoni mwa 1979, yana thamani na huzuni yake, lakini hayahusiani na ukongwe tunaouzungumzia.

Nani asinifuate

Anayetaka kuswalia. Mkoba wa ndege huwezi kuuweka mbele yako kwenye swala bila moyo kukusuta, na hata bila ndege ni mfupi. Lakini kwa mtu huyo simshauri mswala wa mwaka 1890 pia. Rakaa za kila siku zitaumaliza katika miaka michache, na ni kitu ambacho hakiwezi kufumwa tena. Atafute mswala wa katikati ya karne ya 20, wa sufu tupu, ulioshikamana. Aukunje nyuma kwa upole karibu na sikio. Ukisikia mlio mdogo wa kukatika, mtande umekauka, aurudishe.

Anayetaka kufunika sakafu ya sebule naye asinunue kati ya hivi viwili. Mazulia makubwa ya Kibulushi yapo, karibu mita 2 kwa 3, mengi yakiwa na nakshi ya mina khani, maua meupe na mekundu yaliyofungwa kwa mashina juu ya uwanja wa giza. Ni adimu kwa sababu kitanda cha kulala chini hakikuruhusu upana. Ukilipata lenye rangi safi, uza kitu kingine ulinunue.

Waliobaki, chukueni mkoba. Toeni leso nyeupe, ilowesheni, isugueni kwenye kila rangi, nyekundu mwanzo. Leso ikitoka safi, lipeni.

Nyumbani usiuweke kwenye fremu ya kioo iliyobana. Mombasa, Unguja na hapa Maskati unyevu utaingia, na ukungu ukishaota kwenye mtande hautoki. Shonea ukanda wa kitambaa cha pamba nyuma ya ukingo wa juu, pitisha fimbo, utundike ukutani pasipofikiwa na jua la mchana. Ndege wakae wima, walivyokaa ubavuni mwa ngamia. Kwa walioko pwani ya Afrika, kila kaskazi inapoingia ushushe, upepee kivulini siku mbili, ukague nyuma kwenye singa za mbuzi na kwenye mikunjo, kwa maana nondo wa nguo hutaga mahali ambapo mkono haufiki.